Kudhoofu kwa mwili usiofanyishwa kazi, kwa mtu anayeugua akisimama

Mwili usipofanyishwa kazi kwa siku nyingi mfululizo, hupoteza uwezo. Misuli hupungua, moyo husinyaa, mifupa hulegea. Kinachosahaulika ni damu, nayo ndiyo hutangulia. Mtu anaposhinda kitandani, damu iliyokuwa ikikaa miguuni hurudi kifuani, mwili ukahisi kwamba maji yamezidi, na figo huyatoa kwa mkojo. Siku chache tu, ujazo wa damu umeshashuka.

Hili halihitaji ugonjwa. Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya njema walilazwa kitandani kwa wiki 3 ili wapimwe. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba zile wiki 3 ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Sasa mfikirie mtu ambaye kusimama kwenyewe ni shida. Kila tunaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka tumboni na miguuni ndani ya sekunde chache. Kwa kawaida mishipa hubana, vigimbi huisukuma damu irudi juu, moyo huongeza kasi kidogo, na mwenyewe hana habari. Kwa wengine mambo hayaendi hivyo. Wapo ambao presha hushuka. Wapo pia wenye hali iitwayo POTS: presha haianguki, ila ndani ya dakika 10 za kusimama mapigo ya moyo huongezeka kwa 30 au zaidi kwa dakika, na kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 huongezeka kwa 40 au zaidi. Mtu anapiga mswaki, moyo unaanza kwenda mbio, macho yanaingia giza, kichwa kinakuwa kizito, inabidi ashike ukingo wa sinki au akae chini. Akilala, anapata nafuu.

Basi atalala, na nani asingelala? Lakini kulala huko kunampunguzia damu na kuvidhoofisha vigimbi vilevile anavyovihitaji ili asimame. Kesho kusimama kunakuwa kugumu zaidi, naye analala zaidi. Ndiyo maana kudhoofu huku humuumiza yeye kuliko mtu mwingine aliyelala siku zilezile.

Kwa kuwa wagonjwa wengi wa POTS wakipimwa hukutwa na moyo mdogo na damu pungufu, baadhi ya watafiti walisema kudhoofu ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe. Mimi sikubaliani na kuishia hapo. Wengi waliugua ghafla baada ya maambukizi ya virusi, na miongoni mwao walikuwamo wanamichezo waliokuwa katika hali nzuri kabisa. Wengine hukutwa na hitilafu kwenye neva zinazobana mishipa ya miguuni. Kudhoofu kunaweza kuja baadaye na kuuzidisha ugonjwa bila kuwa ndiko kulikouleta. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba amelegea tu, akafanye mazoezi, anamtwika lawama asiyostahili na kumpa nusu ya tiba.

Hata hivyo hiyo nusu ina kazi yake. Mazoezi huongeza ujazo wa damu na kuukuza moyo, na kuna wagonjwa waliofuata programu ya miezi 3 ambao mapigo yao hayakupanda tena kufikia kiwango cha POTS. Jambo la msingi ni kuanza bila kusimama: kuogelea, mashine ya kupiga makasia, baiskeli ya kuegemea nyuma, au kuinua miguu ukiwa kitandani. Dakika chache kwanza, kisha kuongeza taratibu kwa wiki nyingi, na mazoezi ya kusimama yaje mwishoni. Maji ya kutosha na soksi za kubana zinazofika kiunoni husaidia. Chumvi ya ziada huwafaa baadhi, lakini daktari aamue, maana mwenye presha ya juu au ugonjwa wa figo inaweza kumdhuru.

Wapo ambao ushauri huu hauwafai. Mtu mwenye ME/CFS, ugonjwa wa uchovu sugu, anaweza kujitahidi kidogo leo, kisha kesho au keshokutwa akazidiwa kwa siku au wiki. Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilielekeza kwamba wagonjwa hao wasipewe programu za kuongeza mazoezi kwa viwango vilivyopangwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mgonjwa aulizwe anavyojisikia siku ya pili na ya tatu baada ya kujishughulisha. Aliyedhoofu tu huchoka, akapumzika, akaamka sawa. Anayeamka akiwa hoi kuliko alivyolala anahitaji mpango mwingine.