“Biashara Haisomewi”: Tunayoambiwa Kuhusu Shahada ya Usimamizi wa Biashara

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipoi. Shangazi wa Morogoro ana binti aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Jirani ana kijana wa HGE (historia, jiografia na uchumi). Wote wanauliza kitu kimoja, tena kwa kunong'ona kana kwamba wanaulizia ugonjwa: “Hivi hii menejimenti ya biashara ina kazi kweli?” Nami niliyeisoma miaka mitatu, nikila bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, wiki mbili na kukopa wiki zinazofuata, nimegeuka mshauri asiyelipwa.

Tatizo ni kwamba wanaouliza huwa wana majibu tayari. Wameyaokota kijiweni, kwenye daladala, kwa kaka aliyeishia mwaka wa pili. Mengine yana chembe ya ukweli, na hayo ndiyo magumu kuyang'oa.

“Biashara haisomewi, mtu anazaliwa nayo”

Bingwa wa msemo huu ni mjomba wangu, anayeuza vitenge Kariakoo tangu sijaanza darasa la kwanza. Silaha yake ni Bakhresa. “Bakhresa alisoma chuo gani?” Na kweli, Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza na biashara ndogo ndogo na mgahawa, na leo unga na juisi za Azam zimejaa madukani. Ila mjomba hamtaji Mohammed Dewji, aliyesoma Chuo Kikuu cha Georgetown kule Washington kabla ya kuja kuipanua kampuni ya baba yake. Ukweli ni kwamba mifano yote miwili haithibitishi kitu. Mmoja hakusoma akafanikiwa, mwingine alisoma akafanikiwa, na nyuma yao wapo wengi wa kila upande ambao hatuwajui majina.

Kwenye kununua na kuuza, mjomba ni profesa wangu. Anakishika kitenge kwa vidole viwili, hata hajakitazama, akakwambia kitachuja au hakitachuja. Hakuna chuo kinachofundisha hilo, na shahada ya usimamizi wa biashara haijawahi kudai kwamba inalifundisha. Inachofundisha ni jinsi ya kuendesha biashara iliyokuwa kubwa kuliko macho ya mtu mmoja: fedha ambazo si zako, wafanyakazi ambao si ndugu zako, na sheria ambayo haijui kama wewe ni mtu mzuri.

Upande huo mjomba aliuonja siku alipomfukuza kijana wake wa dukani. Miaka minne wamefanya kazi pamoja, asubuhi moja wakabishana kuhusu mzigo, mjomba akasema, “Chukua begi lako.” Kijana akachukua begi, akaenda nalo hadi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wito ulipofika, mjomba alinipigia akiwa amepandwa na hasira: “Duka langu, kijana nimemtoa kijijini mimi, leo ananishitaki?”

Tulikaa juu ya marobota ya vitenge, nikamfungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake. Likizo ya mwaka ni siku 28; kijana hakuwahi kwenda hata moja, ukiacha Idd. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi kumi, isipokuwa kama aliachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Na ili iwe kihalali, lazima kuwe na sababu na utaratibu ufuatwe. “Chukua begi lako” si utaratibu. Walisuluhishwa, mjomba akalipa, na jumla yake ilizidi faida ya mwezi mzima. Somo lenyewe nililipata mwaka wa pili kwenye kozi ya sheria, saa nane mchana, nusu ya darasa tukisinzia.

“Ni kozi ya waliokosa pa kwenda, haina hesabu”

Hapa kuna chembe ya ukweli. Wapo wanaoijaza kama chaguo la tatu, baada ya udaktari na sheria. Lakini mlango wenyewe una kizingiti: kwa mhitimu wa kidato cha sita, shahada nyingi za fani hii zinadai ufaulu wa masomo mawili kwa kiwango cha principal, yaani alama A hadi E, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na vyuo kadhaa vinaangalia pia hisabati, iwe ya kidato cha nne au BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha sita. Aliyetoka diploma naye anapimwa kwa GPA yake, yaani wastani wa alama.

Ukishaingia, unakutana na uhasibu, takwimu, uchumi, hisabati ya biashara na menejimenti ya fedha. Wanaodhani kozi ni kupiga stori kwenye vimbweta ndio wanaopata sapu za kwanza, ile mitihani ya marudio, na ukirundika sapu unakuja kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mwaka wetu waliodisko hawakuangushwa na nadharia za uongozi. Waliangushwa na uhasibu wa gharama.

Hebu tuone hesabu moja ya somo hilo, maana ndiyo iliyonifanya niipende kozi. Kijana ana kibanda cha chipsi. Pango ni shilingi 150,000 kwa mwezi, msaidizi analipwa 200,000, umeme na taka 50,000. Hizo ni 400,000 ambazo zitamtoka hata asipouza sahani moja. Sahani anauza 2,500, na viazi, mafuta, mkaa na kachumbari vinakula 1,700. Kinachobaki ni 800. Gawa 400,000 kwa 800: sahani 500 kwa mwezi ndipo anatoka sare, hapati wala hapotezi. Akifungua siku 26, ni kama sahani 20 kwa siku.

Sasa anafungua jirani, na kijana wetu anashusha bei hadi 2,200 ili asikimbiwe. Punguzo la shilingi 300, nani ataliona kubwa? Lakini kinachobaki kwa sahani sasa ni 500, na 400,000 ukigawa kwa 500 ni sahani 800. Yaani kutoka sahani 20 kwa siku anatakiwa afike 31, ili tu asile mtaji. Mwalimu wetu aliandika hesabu hiyo ubaoni, akaweka chaki chini, akanyamaza. Nakumbuka mwenzangu mmoja, ambaye mama yake alikuwa na mgahawa Buguruni, akisema taratibu, “Kumbe ndiyo maana.”

Na hata sehemu ya maneno, ile ya nadharia, haikuzaliwa kwa watu wa maneno. Henri Fayol, ambaye kila mwanafunzi anamkariri kwa kanuni zake 14, alikuwa mhandisi wa migodi aliyeongoza kampuni ya makaa ya mawe na chuma huko Ufaransa kwa miaka 30, na maandishi yake maarufu yalitoka mwaka 1916, akiwa mzee. Kabla yake, mwaka 1911, Mmarekani Frederick Taylor alikuwa ameandika kuhusu kupima kazi ya kiwandani kwa saa mkononi. Wote wawili walianzia kwenye vumbi. Sisi ndio tuliowageuza kuwa desa la kukariri usiku wa mtihani.

“Ukimaliza unakuwa meneja”

Mimi nilimaliza nikawa mhesabu makreti. Kampuni ya usambazaji wa vinywaji iliniajiri stoo, na wiki ya kwanza nilikabidhiwa ubao, kalamu na ghala. Daftari lilisema makreti 437. Nikahesabu, nikapata 412. Nikarudia, 412. Kreti 25 zilikuwa zimeandikwa kwamba zimerudi kutoka kwa wateja kumbe ziko bado kwenye baa zao. Kuzitafuta kulinichukua siku tatu kwenye kirikuu, na ndipo nilipojua biashara ile inavyokwenda kweli kweli: nani analipa, nani ana maneno mengi, dereva gani anaaminika.

Hiyo ndiyo njia ya wengi wetu. Afisa mauzo, karani wa stoo, mhudumu wa dirisha benki, msaidizi wa rasilimali watu. Umeneja unakuja baadaye, kama unakuja. Mzazi anayetegemea mwanawe atoke kwenye mahafali moja kwa moja hadi kwenye kiti cha kuzunguka anajiandalia presha bure.

Serikalini kuna jambo jingine, nalo limewaumiza wengi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja majina ya shahada zinazokubalika kwa kila nafasi. Afisa Biashara ana orodha yake, Afisa Rasilimali Watu yake. Ukitaka ugavi, kuna PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Ukitaka uhasibu kwa maana kamili ya neno, kuna NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na mitihani yake ya CPA, cheti cha mhasibu aliyethibitishwa. Shahada ya usimamizi wa biashara, hata uwe na GPA ya 4.4 inayokupa daraja la kwanza, haikufanyi mhasibu mwenye CPA. Wapo wanaoligundua hilo wakiwa na bahasha mkononi.

“Zote ni kozi moja, jina tu”

Si kweli, ingawa masomo ya mwaka wa kwanza yanafanana sana. Utawala wa biashara, biashara na fedha, masoko, ujasiriamali: mwaka wa pili zinaanza kuachana. Na vyuo navyo vina asili zao. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, ilianzishwa mwaka 1965, nchi ikiwa changa na ikihitaji watu wake wa kuendesha biashara. IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha mwaka 1972, imekulia kwenye fedha, benki, bima na kodi. Mzumbe ilikuwa mahali pa kuwafundisha watu wa utawala miaka mingi kabla ya kuwa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, jina lenyewe linasema. Asili hiyo haifi, utaiona kwenye mifano wanayotoa walimu na kwenye ofisi wanafunzi wanakopelekwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

“Bodi ya mikopo haiwapi watu wa biashara”

Inawapa. Zipo fani zinazotangulizwa, lakini uhitaji wa mwombaji ndio unaopimwa kwanza, na mimi ni mmoja wa waliopata. Kinachowaangusha wengi ni fomu: cheti cha kuzaliwa kisichohakikiwa, cheti cha kifo cha mzazi ambacho hakikuambatishwa, sahihi ya mdhamini iliyosahaulika. Anayepata aelewe tu kwamba ni deni kweli. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hujauona.

“Fildi ni kupoteza muda, wanakutuma chai”

Watakutuma chai. Nilitumwa chai, nikatumwa fotokopi, nikatumwa hata kumchukua mtoto wa bosi shule. Lakini mwenzangu tuliyekuwa naye ofisi moja alimwomba dada wa mapokezi amfundishe kusoma ankara, akawa anamsaidia kuzipanga kwa tarehe ya kulipwa. Wiki ya sita mhasibu alipougua, nani alijua ni wateja gani wamepitiliza? Huyo mwenzangu alirudishwa pale baada ya kumaliza chuo, kwa mkataba. Mimi sikuitwa, na sina wa kumlaumu.

Hapo ndipo utamwelewa mwalimu anaposema faida na fedha taslimu si kitu kimoja. Darasani ni sentensi ya kuandika. Ofisini ni kampuni iliyouza vizuri robo nzima, vitabu vinaonyesha faida, na tarehe 28 mishahara haipo kwa sababu wateja wote wako kwenye “nitalipa Ijumaa”.

“Muda wangu umepita, mimi nina duka tayari”

Huyu ndiye ninayempigia debe kuliko wote. Chuo Kikuu Huria kipo tangu mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha shughuli zao, na vyuo kadhaa vina madarasa ya jioni. Kwenye kundi letu la mapitio alikuwapo mama mmoja muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anakuja na kapu ameliacha kwa mlinzi. Tulipofika kwenye somo la ukadiriaji wa mahitaji, sisi vijana tukachora grafu. Yeye akaeleza Feri inavyokuwa mwezi ukiwa mpevu: dagaa hawavuliki, wateja ni wale wale, bei inapanda, na mwenye barafu anapandisha yake pia. Mwalimu akamwomba arudie polepole, akawa anaandika.

Kwa hiyo wiki hii, binti wa shangazi atakapopiga, nitamtuma kazi mbili kabla hatujaongea. Atafute matangazo matano ya kazi anazozitamani, apigie mstari majina ya shahada yaliyotajwa. Kisha afungue mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, atafute majina hayo hayo, na ahakikishe kozi yenyewe ina ithibati. Dirisha la maombi halikai wazi muda mrefu, na mwaka jana alilikosa kaka yake kwa siku mbili.