Besiboli haikuzaliwa Cooperstown

Wengi wanaamini kwamba besiboli ilibuniwa mwaka 1839 na Abner Doubleday huko Cooperstown, mji mdogo wa jimbo la New York wenye wakazi wasiofika 2,000. Hata uwanja wa mji unaitwa Doubleday.

Si kweli. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Alifariki 1893, na hakuwahi kudai kwamba mchezo huo ni wake. Dai lilitokana na barua ya mzee mmoja, Abner Graves, aliyeandika mwaka 1905 akikumbuka mambo ya utotoni mwake. Tume iliyokuwa ikitafuta asili ya mchezo ikaipokea, kwa sababu ilitaka mno uwe wa Kimarekani tupu.

Lakini tayari mwaka 1791 mji wa Pittsfield, Massachusetts, ulikuwa umepiga marufuku besiboli karibu na jumba lake la mikutano, vioo vya madirisha visije vikavunjwa! Na jina lenyewe lilikwisha kuchapishwa Uingereza mwaka 1744.

Mwaka 1934 ukapatikana mpira mkuukuu katika nyumba ya shambani jirani na Cooperstown: ngozi imepasuka, matambara yanachungulia. Tajiri Stephen Clark aliununua kwa dola 5, ukadhaniwa ni wa Doubleday, na ukawa chanzo cha jumba la makumbusho la besiboli lililofunguliwa mjini humo 1939.

Doubleday anastahili kukumbukwa kwa haki yake: aliamuru mzinga wa kwanza wa kujibu mashambulizi pale Fort Sumter, ngome ambako Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vilianza, 1861.