Kisima kilichopasuka: wazee wa Ujiji, watu wa dini na elimu ya miamba

Wazee wa Ujiji walikuwa na simulizi ya jinsi Ziwa Tanganyika lilivyozaliwa. Zamani za kale hapakuwa na ziwa. Palikuwa na uwanda mpana, watu wengi na mji mkubwa. Katika mji huo waliishi mtu na mkewe, na ndani ya ua wao mlikuwa na kisima chenye samaki wasiokwisha. Kisima kile kilikuwa siri ya ukoo, mgeni asikione. Mke akapata mpenzi wa pembeni, akawa anamlisha wale samaki, na siku mume aliposafiri akampeleka kisimani. Yule bwana akanyoosha mkono amshike samaki. Papo hapo dunia ikapasuka, uwanda ukadidimia na watu wake, maji ya kisima yakajaza shimo lote. Msafiri Mzungu Henry Stanley aliisikia simulizi hii Ujiji mwaka 1876, akaiandika.

Mimi kazi yangu ni miamba, na kila nikiirudia hadithi hii nakwama pale pale: dunia ikapasuka, uwanda ukadidimia. Wazee hawakusema mvua ilinyesha siku nyingi, wala mto ulifurika. Walisema ardhi ilipasuka ikazama, na ndivyo ilivyokuwa. Ziwa letu limekaa katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na sehemu ya katikati inashuka. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na sakafu yake iko mita mia kadhaa chini ya usawa wa bahari. Kazi hiyo imechukua, kwa makadirio ya wataalamu, miaka kati ya milioni 9 na milioni 12. Waliosimulia walikuwa wakifundisha uaminifu wa ndoa na kutunza siri, lakini jicho lililotazama majabali ya ng'ambo na ya huku likaona ni kingo za ufa mmoja, jicho hilo naliheshimu.

Nimeanza na kisima kwa sababu ya swali nililoulizwa hapo hapo Ujiji, katika mkutano wetu wa elimu kwa umma. Mzee mmoja alisimama, nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unatuhesabia mamilioni ya miaka. Sisi tunasema Mungu. Sasa tumfuate nani?"

Nilimjibu kwamba mara nyingi mwenye kuhesabu miaka na mwenye kusema Mungu alikuwa mtu yule yule.

Nikaanza na wanazuoni Waislamu wenzake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba milima huweza kutokea kwa njia mbili: ardhi kuinuliwa na matetemeko makubwa, au maji na upepo kuchimba sehemu laini na kuziacha ngumu zimesimama, na kwamba kazi hiyo inahitaji zama ndefu sana. Al-Biruni, wa enzi hiyo hiyo, alichunguza nyanda za India akaona karibu na milima mawe ni makubwa, mbele kidogo ni madogo, na karibu na bahari ni mchanga. Akahitimisha kuwa nchi ile ilikuwa bahari iliyofukiwa na udongo wa mito. Mkulima wa mpunga kwenye delta ya Mto Luiche, jirani na Ujiji, hahitaji kuelezwa sana hoja hiyo. Anakanyaga tope lililoletwa na mto kila masika.

Kwa Wakristo nilimtaja Steno, tabibu wa Denmark, na huyu ndiye nimpendaye kuliko wote. Enzi zake Ulaya paliuzwa mawe ya pembetatu kutoka kisiwa cha Malta, yenye ncha kali na kingo kama msumeno. Watu waliamini ni ndimi za nyoka zilizogeuzwa jiwe na Mtume Paulo baada ya kuumwa kisiwani humo, wakayavaa kuwa kinga ya sumu. Mwaka 1666 wavuvi wa Italia walimnasa papa mkubwa, kichwa kikapelekwa Florence, Steno akapewa akipasue. Alipoyatazama meno akakuta ndiyo yale mawe. Swali likamkaa: jino la papa limeingiaje ndani ya mwamba mlimani? Mwaka 1669 akatoa jibu linalofundishwa mpaka leo. Mwamba ule ulikuwa tope chini ya maji, tope hutua tabaka juu ya tabaka, na tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Mtu huyu baadaye alipewa upadri, kisha uaskofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri.

Ugomvi ulikuwepo pia, sifichi. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland alijumlisha vizazi vya Biblia pamoja na historia za mataifa, akapata kuwa dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ilikuwa hesabu ya msomi makini, na wengi waliishika. Hapo nikamkumbusha mzee aya ya Surat al-Hajj, kwamba siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu tunayohesabu sisi. Jirani yake Mkristo akadakia Zaburi ya 90 kabla sijamaliza.

Waingereza William Buckland na Adam Sedgwick, wote wawili watumishi wa kanisa na walimu wa jiolojia, waliamini changarawe za Ulaya ziliachwa na Gharika ya Nuhu. Walipozichunguza zaidi wakakuta hazikutuama kwa wakati mmoja. Sedgwick alikiri kosa lake hadharani mwaka 1831, Buckland naye akaiacha hoja hiyo kwa maandishi mwaka 1836. Imani yao hawakuiacha.

Lakini lililomgusa mzee ni Lisbon. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa, tetemeko liliuangusha mji ule, bahari ikafuata, moto ukamalizia. Wapo waliohubiri kuwa ni adhabu tu, watu watubu. Serikali ya Ureno ikapeleka maswali kwa mapadri wa kila parokia: lilianza saa ngapi, lilidumu muda gani, nyumba ngapi zimeanguka, bahari ilifanyaje, chemchemi zilibadilika? Mapadri wakajibu, na majibu yao wanasayansi wanayatumia hadi leo.

Maswali hayo ndiyo tunayowauliza ninyi wa Kigoma. Tarehe 5 Desemba 2005, kiasi cha saa 9:20 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga upande wa Kongo wa ziwa letu na likasikika huku. Nikamwuliza mzee: lilidumu muda gani?

Akafikiri kidogo. "Saa sikuwa nayo," akasema. "Lilipoanza nilianza Ayatul Kursi. Nilipoimaliza, bati likanyamaza."

Nikamwomba aisome tena kwa mwendo ule ule wa siku ile. Akaisoma, mimi macho yangu kwenye mshale wa saa, kisha nikaandika daftarini: nusu dakika.