"Th" ya Kihispania haikuletwa na mfalme mwenye kithembe

Klipu ya mwandishi wa Hispania akisoma riwaya yake ikizunguka kwenye magrupu, haikosi ujumbe uleule: eti zamani mfalme wao alikuwa na kithembe, watu wa ikulu wakamwiga asione haya, na nchi nzima ikafuata.

Si kweli. Msikilize tena mwandishi huyo. Kama ni wa Madrid, "caza", yaani uwindaji, ataitamka "katha". "Casa", nyumba, ataitamka "kasa", kwa s safi kabisa. Mwenye kithembe zote mbili zingemtoka th. Hata sisi tunatenganisha thamani na samani, na hatuitwi wenye kithembe.

Th hiyo ilizaliwa polepole kutokana na sauti za kale za Kikastilia (jina jingine la Kihispania), hasa karne ya 16 na 17. Amerika ya Kilatini na sehemu kadhaa za Andalusia, kusini mwa Hispania, zilishika njia nyingine: huko yote mawili ni "kasa". Ndiyo maana aliyezoea tamthilia za Meksiko humwona Mhispania kama ana kasoro ya ulimi. Na kisa cha mfalme, tukubali, ni kitamu kusimulia.

Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Fungua kamusi ya mtandaoni yenye sauti, bonyeza "casa", kisha "caza".