Gede na Hori la Mida: Yanayosemwa na Yaliyopo

Kila Desemba ndugu wa bara wakiteremka huku pwani ya Kenya, mzunguko ni uleule: asubuhi kuogelea Watamu, mchana magofu ya Gede, jioni kutembea juu ya daraja la mbao kwenye mikoko ya Mida. Na maneno ninayoyasikia njiani ni yaleyale. Leo nimeona niyaandike.

"Mida ni mto."

Ni hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hakuna mto wa kudumu unaomwaga maji humo. Maji baridi huja kwa kupenya chini kwa chini kutoka ardhini. Yaliyobaki ni bahari tupu, inajaa na kupwa mara mbili kwa siku.

"Mikoko ni vichaka vya matope, havina kazi."

Chuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, ulirambe. Utaonja chumvi, kwa sababu mti unakunywa maji ya bahari kisha unaitoa chumvi kupitia majani. Katikati ya mizizi ile ndimo samaki wachanga wanamojificha kabla ya kwenda kwenye matumbawe ambako watalii huwalipia kuwaona.

Halafu ingia Gede. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama ushoroba. Wageni husema mafundi wa zamani hawakujua kupanga nyumba. Walijua sana. Dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti inayoweza kubeba mzigo ule ina urefu wake, takriban mita tatu ukitoa ncha zinazolala ukutani. Kwa hiyo upana wa chumba cha tajiri uliamuliwa na mti wa topeni.

"Gede ilijengwa na Waarabu." Au Wachina, siku hizi.

Hii ndiyo inayonichosha zaidi. Gede ulikuwa mji wa Waswahili, ulioanza karne ya 11 au ya 12 na kushamiri karne ya 15. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa: mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Dini ilitoka ng'ambo, na wageni walikuja, wakaoa, wakazaa. Hilo halina ubishi: uchunguzi wa DNA uliochapishwa 2023, kutokana na mifupa ya makaburi ya kale ya pwani kama Mtwapa na Manda, ulionyesha mchanganyiko wa Waafrika na watu wa Asia, hasa Uajemi, tangu karibu mwaka 1000, na upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Lakini kuoa mwenyeji si kumjengea mji.

Mabakuli ya Kichina yapo kweli. Yalipita mikono mingi ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi mpaka kufika mezani Gede, kama simu yako ilivyofika mfukoni bila wewe kukaa na Mchina. Tena vigae vingi zaidi vilivyofukuliwa ni vya vyungu vya udongo vya hapahapa.

Na majina ya nyumba yasikudanganye. Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri: hayo aliyatoa mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kufukua mwaka 1948, kufuatana na alichookota ndani. Wenye nyumba waliitwa nani, mawe hayasemi.

"Wote waliishi kwenye nyumba za mawe."

Ukuta wa nje unazunguka ekari 45 hivi. Mawe ni ya msikiti, jumba la mtawala na waungwana wachache. Walio wengi walikaa kwenye nyumba za udongo na makuti, na hizo hazikubaki. Tunapiga picha makao ya wakubwa, tunasema tumeona mji.

"Watu walitoweka usiku mmoja."

Walimu wa shule hupenda hii, watoto hutoa macho. Ukweli ni kwamba mji ulinywea polepole. Ukuta wa ndani ni wa baadaye, ishara ya watu kujibana sehemu ndogo. Kisima cha karibu na msikiti mkuu kilichimbwa kwenda chini zaidi, maana maji yalikuwa yanazidi kushuka. Ongeza Wazimba, wapiganaji kutoka kusini waliopita pwani hii mwaka 1589, Wareno, mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa katika miaka ya 1590, na mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Mwanzoni mwa karne ya 17 hapakuwa na mtu.

"Msitu ule ni wa tangu dunia kuumbwa."

Angalia miti ya msitu wa Gede inapoota: ndani ya vyumba vya watu. Ulimea baada ya wenyewe kuondoka.

"Yule ni panya mkubwa."

Yule anayekatiza kwenye magofu ni sange, mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga mdogo na matako ya manjano. Si panya, kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo, pimbi na nguva. Aina hii hupatikana pwani ya Kenya tu, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani. Usimtafute. Kaa kimya kwenye kivuli karibu na ukuta, wakati kundi la shule limeshapanda basi. Utasikia kwanza majani makavu yakifukuliwa, anatafuta wadudu. Kisha kitu cha manjano kinakatiza mlangoni mwa nyumba ya mtu, na kimepotea.