Karatasi ya ECG inaposema moyo una kovu

Nilipimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, nikijiandaa kwa upasuaji wa ngiri. Mashine imeandika kwamba huenda ukuta wa chini wa moyo uliwahi kupata mshtuko, wakati haujulikani. Sijawahi kuumwa kifua. Nina kovu?

Huenda unalo, huenda huna. Maneno yale hayakuandikwa na daktari. Ni programu ya mashine, inayopima maumbo ya mistari bila kujua kama una presha, wala kama vibandiko vinavyonasa umeme huo vilikaa mahali pake. Mara nyingi hutia shaka pasipo na kitu.

Ila kutoumwa kifua hakutoshi kukutoa wasiwasi. Upo mshtuko wa moyo usio na kelele, hasa kwa wazee na wenye kisukari. Wengine waliupata wakadhani ni vidonda vya tumbo, wakanywa dawa ya gesi, wakaendelea na shughuli.

Kovu linaonekanaje kwenye karatasi?

Halionekani. ECG haipigi picha, inasoma umeme tu. Msuli ulio hai huzalisha umeme. Kovu ni tishu ngumu, kama ile inayobaki gotini baada ya kidonda kupona, nalo liko kimya. Kibandiko kinachotazama kovu hukosa umeme wa kukijia, kikabaki kusoma ule wa ukuta wa pili, unaokwenda zake ukikipa mgongo. Hapo mstari huzama kwanza kabla ya kupanda. Mzamo huo ndio wimbi Q.

Q ndogo ni ya kawaida. Inayotia shaka ni pana na ya kina: upana wa kijimraba kidogo kimoja au zaidi (sekunde 0.04, karatasi ikitembea milimita 25 kwa sekunde), au kina kinachozidi robo ya kimo cha wimbi R, yaani mpando unaofuata. Tena iwepo kwenye pande mbili jirani au zaidi. Kila upande una jina lake kwenye karatasi: II, III na aVF hutazama ukuta wa chini. V1 hadi V4 hutazama mbele. Q iliyojitokeza kwenye III peke yake mara nyingi si kitu, na mtu akivuta pumzi ndefu huweza hata kutoweka.

Daktari hutazama pia kama wimbi R linakua kutoka V1 kwenda V4 inavyotakiwa, na kama QRS (mawimbi Q, R na S kwa pamoja) imekatikakatika kama meno ya msumeno.

Nini kingine huiga kovu?

Presha ya miaka mingi iliyonenepesha msuli wa moyo. Njia ya umeme ya kushoto iliyoziba. Ugonjwa wa mapafu. Njia ya mkato ya umeme ambayo mtu amezaliwa nayo. Halafu kuna hili linaloniudhi: V1 na V2 kubandikwa juu mno, badala ya nafasi ya nne kati ya mbavu. Dawa yake ni kurudia kipimo, dakika chache tu.

ECG yangu ni safi. Basi sina kovu?

La. Kovu dogo, au lililo ukuta wa nyuma, huweza kujificha. Na Q yenyewe huweza kufifia kadiri miaka inavyopita.

Kila kovu limetokana na mshtuko wa moyo?

Hapana. Uvimbe wa msuli wa moyo uliosababishwa na virusi huacha kovu. Amerika Kusini kuna ugonjwa wa Chagas, unaoletwa na vimelea. Hapa kwetu upo ugonjwa unaotia makovu utando wa ndani wa moyo, ulioelezwa na daktari Davies huko Mulago, Kampala, mwaka 1948.

Sasa nifanye nini?

Tafuta ECG zako za zamani, hata iliyokunjwa kabatini: Q iliyokuwepo miaka kumi iliyopita na Q mpya ni habari mbili tofauti. Omba eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ionekane kama kuna ukuta mwembamba au usiojikunja. Shaka ikibaki, MRI ya moyo (picha inayopigwa kwa sumaku) yenye dawa ya gadolinium huonyesha kovu lenyewe. Mweleze daktari wa usingizi kabla ya siku ya upasuaji, usingoje akuulize.

Ukiwahi kuzimia, au moyo kwenda mbio ghafla bila sababu, sema mapema, kwani umeme unaozunguka kovu huweza kuleta mapigo ya hatari. Na kifua kikibana sasa hivi, weka karatasi chini, nenda idara ya dharura.