Kufuta “../” hakuilindi seva ya mafaili
Wengi huamini kwamba seva ndogo ya mafaili, iliyoandikwa bila fremuweki (msimbo uliotayarishwa wa kujengea programu), huwa salama mara programu inapofuta kila “../”, yaani alama ya kupanda hadi folda ya juu na hivyo kutoka nje ya folda ya tovuti, katika anwani iliyoombwa. Sivyo. Anayeandika “....//” hufutiwa herufi tatu za katikati, na zinazobaki huungana kuwa “../” ileile; naye anayeandika “%2e%2e%2f”, yaani “../” kwa msimbo wa anwani za wavuti, hupita bila kuguswa iwapo alama hizo hugeuzwa kuwa herufi baada ya ufutaji.

Linalotegemewa ni kupata kwanza njia kamili ya faili, pamoja na kule viungo vyake (majina yanayoelekeza kwenye faili au folda nyingine) vinakoelekeza, ndipo kuhakiki kwamba imo ndani ya folda ya tovuti. Ulinganisho huo (hapa hata waangalifu huteleza) ujumuishe mkwaju (“/”) wa mwisho wa jina la folda, kwa kuwa “/srv/tovuti-siri” nayo huanza kwa “/srv/tovuti”.